Sura ya Sita: Mashine Haifi Ghafla

Kusini mwa Siberia, nchini Urusi, mto Yenisei umezuiwa na ukuta wa zege wenye kimo cha zaidi ya mita 240. Chini ya ukuta huo kuna ukumbi mrefu wa mitambo 10 ya kufua umeme, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 640. Kituo hicho, Sayano-Shushenskaya, ndicho kikubwa kuliko vituo vyote vya umeme wa maji nchini humo. Tarehe 17 Agosti 2009, saa mbili na dakika kumi na tatu asubuhi, mfuniko wa chuma uliozuia maji ndani ya mtambo namba 2 uling'oka. Maji yaliyokuwa yakisukumwa na kina cha karibu mita 200 yaliinua rota yenye uzito wa mamia ya tani na kuitupa juu, yakabomoa paa, yakajaza ukumbi na vyumba vya chini yake. Watu 75 walikufa.

Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza ataiita ajali ya ghafla. Mamlaka ya Urusi inayosimamia usalama wa viwanda, Rostekhnadzor, ilipochunguza mabaki ilikuta jambo jingine. Mfuniko ule ulishikwa na bolti 80. Wachunguzi walizipata 49 na kuzikagua moja moja, na 41 kati yake zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma, yaani nyufa zinazokua taratibu kadiri chuma kinavyotikiswa mwezi baada ya mwezi. Bolti nyingine zisizopungua 6 zilionyesha kwamba siku ile hazikuwa na nati kabisa. Nyufa za namna hiyo hazizaliwi usiku mmoja. Mtambo ulikuwa unakufa kwa muda mrefu mbele ya watu waliokuwa wakipita kando yake kila siku.

Dalili nazo zilikuwepo. Usiku wa kuamkia siku ile mtambo namba 2 ulipewa kazi ya kupanda na kushuka kufuata mahitaji ya gridi, na kila ulipobadilisha mzigo ulipita katika kiwango cha nguvu ambacho mitambo ya aina hiyo hutikisika sana. Kwa mujibu wa ripoti, kati ya saa mbili kamili na saa mbili na dakika kumi na tatu, mtetemo kwenye beringi ya mtambo ulipanda kutoka mikromita 600 hadi 840. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa kilikuwa 160.

Kuna mambo mawili katika mkasa huu ninayomwomba msomaji ayashike, kwa sababu sura nzima imejengwa juu yake. La kwanza: mtambo namba 2 ulikuwa umetoka kwenye matengenezo yaliyopangwa mwezi Machi mwaka uleule. Ratiba ilikuwa imetimizwa, lakini bolti zilizokuwa zikipasuka hazikupimwa kwa mawimbi ya sauti, kipimo kinachoonyesha ufa ulio ndani ya chuma. La pili: mfumo wa kufuatilia mtetemo muda wote ulikuwa umefungwa kwenye mtambo huo mwaka 2009, ila haukuwa umeanza kutumiwa na waliokuwa zamu. Wapo wahandisi waliobisha baadaye kwamba kihisi kilichotoa namba zile kubwa kilikuwa na kasoro. Hata tukiwakubalia, fundisho linazidi kuwa zito, maana kihisi kisichoaminiwa na mtu, na ambacho hakuna aliyekitengeneza ili kiaminiwe, ni sawa na kutokuwa nacho.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kazi inayozungumzwa katika sura hii, matengenezo yanayofuata hali ya mashine, ni kazi ya kuyatazama mawingu kwa vipimo, kuyaandika, na kuchukua hatua kabla mvua haijanyesha.

Kalenda na makosa yake

Kuna njia tatu za kutunza mashine. Ya kwanza ni kuiacha ifanye kazi mpaka ife, kisha kuitengeneza. Ya pili ni kufuata kalenda au saa za kazi: kila baada ya saa 250 mwaga oili, kila mwaka fungua injini, kila miaka mitatu badilisha beringi. Ya tatu ni kupima hali ya mashine ilivyo leo na kuifanyia kazi pale vipimo vinapodai.

Watu wengi huiona njia ya pili kuwa ndiyo ya kitaalamu, na wenye nidhamu hujivunia ratiba yao ya savisi. Shaka ya kwanza kubwa juu ya imani hiyo ilizuka wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndege za Uingereza zilizowinda nyambizi za Ujerumani katika bahari ya Atlantiki zilikuwa zikikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Mwanabiolojia C. H. Waddington, aliyekuwa katika kikosi cha wanasayansi walioshauri kamandi ya anga ya pwani, alichora hesabu ya hitilafu zilizotokea baada ya kila ukaguzi. Kama ukaguzi ungekuwa unaponya, hitilafu zingekuwa chache mara baada yake, kisha zingeongezeka kadiri ndege inavyochoka. Hesabu zilionyesha kinyume. Hitilafu zilikuwa nyingi zaidi ndege ilipotoka tu mikononi mwa mafundi, halafu zikapungua hadi ukaguzi uliofuata. Kule kufungua na kufunga vitu vilivyokuwa vizima kulikuwa kunazaa ubovu. Kitabu alichoeleza kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1973.

Miaka 5 baadaye, F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines waliandika ripoti kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ambayo hadi leo ni msingi wa taaluma hii. Walifuatilia vipuri vya ndege kuona uhusiano wa umri na kufa. Ni asilimia 11 tu ya vipuri vilivyoonyesha kwamba uzee unaongeza uwezekano wa kuharibika kwa namna ambayo kuvibadilisha mapema kungesaidia. Asilimia 89 havikuwa hivyo. La kushangaza zaidi, asilimia 68 viliharibika kwa wingi vikiwa vipya, kisha vikatulia. Kubadilisha kipuri cha aina hiyo kwa sababu tu tarehe imefika ni kukiondoa kilichokwisha kuthibitisha uzima wake na kuweka kingine kinachoanza upya kipindi chake cha hatari.

Mashirika ya ndege yalikuwa yameanza kuifuata fikra hii hata kabla ya ripoti hiyo. Ndege ya DC-8 ilikuwa na vipuri 339 vilivyotakiwa kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo kamili kwa ratiba. Ilipoundwa DC-10 kwa fikra mpya, vilibaki 7. Usalama wa abiria haukushuka, kwa kuwa nafasi ya kalenda ilichukuliwa na ukaguzi wa hali na mifumo ya akiba.

Kalenda haifai kutupwa. Mkanda wa feni, chujio la hewa, oili na bitana za breki vinalika kwa kazi, na umri wake unakadirika. Boila na mitungi ya shinikizo hukaguliwa kwa matakwa ya sheria, na sheria hiyo ina sababu. Hata njia ya kwanza ina mahali pake: taa ya ukumbini unaweza kuisubiri ife. Kosa ni kuweka mashine zote katika kapu moja la tarehe.

Mashine inavyojieleza

Fundi mzoefu wa pampu huweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi na mpini wake kwenye sikio. Anachosikia kupitia kile chuma kinamwambia kama mipira ya beringi inateleza juu ya grisi au inasaga mchanga. Hiyo ni elimu halali, na vifaa vya kisasa vimeikuza elimu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kifaa huacha namba, namba huandikwa, na iliyoandikwa leo hulinganishwa na ya mwaka jana hata kama fundi aliyesikiliza mwaka jana amestaafu.

Tuchukue mtetemo, maana ndio unaosema mengi. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na mota nyingi za pampu na feni kubwa huzunguka karibu mara 1,475 kwa dakika, sawa na mara 24.6 kwa sekunde. Feni ikishika tope upande mmoja, uzito wake hupoteza usawa na mota hutikisika mara moja kwa kila mzunguko, yaani mara 24.6 kwa sekunde. Mota na pampu zikifungwa bila kunyooshwa vizuri kwenye kapulingi, mara nyingi mtetemo hujitokeza mara mbili kwa mzunguko. Beringi yenye mipira 8 ikipasuka kwenye ringi ya nje, kila mpira unaopita juu ya ufa hugonga, na kwa kanuni ya haraka wanayoitumia mafundi ni takriban mapigo 3.2 kwa mzunguko, karibu 79 kwa sekunde. Ufa ukiwa kwenye ringi ya ndani, mapigo ni 4.8 kwa mzunguko, karibu 118 kwa sekunde. Kila ugonjwa una hesabu yake.

Mashine haitoi sauti hizo moja moja. Huzitoa zote kwa pamoja, zikiwa zimechanganyika. Kuzitenganisha ni kazi ya hisabati aliyoiasisi Mfaransa Joseph Fourier mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1965 Wamarekani James Cooley na John Tukey wakachapisha njia ya haraka ya kuifanya kwa kompyuta. Ndiyo maana leo kifaa kinachoshikwa kwa mkono mmoja kinaweza kumwambia fundi, bila kufungua bolti hata moja, kwamba beringi ya upande wa kapulingi ina ufa kwenye ringi ya nje.

Je, mtetemo kiasi gani ni mwingi? Viwango vya kimataifa vya ISO vinatoa mwongozo. Kwa mashine ya ukubwa wa kati, ya kilowati 15 hadi 300, iliyofungwa juu ya msingi mgumu, mtetemo usiozidi milimita 1.4 kwa sekunde ni wa mashine mpya. Hadi 2.8 mashine inaweza kuendelea bila wasiwasi. Kati ya 2.8 na 4.5 ivumilie kwa muda huku ukipanga matengenezo. Ukizidi 4.5 unaiharibu kwa kila saa unayoiendesha. Ila namba moja peke yake haitoshi. Pampu iliyokuwa 1.1 miezi yote na wiki hii ikasoma 2.2 bado iko ndani ya mpaka wa salama, lakini mtetemo wake umekuwa maradufu, na kuna kitu kimetokea ndani yake. Anayetazama mpaka tu ataipita. Anayetazama mwenendo atasimama.

Oili nayo inasema. Katika miaka ya 1940, kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande Western ya Marekani ilianza kupima maabara oili iliyotolewa kwenye injini za treni za dizeli, ikitafuta chembe za metali. Chuma kikiongezeka, silinda au gia zinalika. Shaba ikiongezeka, mafundi hutazama bushi na beringi laini. Silika ikionekana, vumbi linaingia, na chujio la hewa ndilo la kuhojiwa kwanza. Sodiamu mara nyingi huashiria kwamba maji ya rejeta yanapenya kwenye oili. Jeshi la wanamaji la Marekani liliichukua njia hiyo katika miaka ya 1950 kwa ndege zake. Kwa jenereta inayofanya kazi katika vumbi letu, chupa ndogo ya oili iliyopelekwa maabara inaweza kueleza hali ya injini ambayo kuiona kwa macho kungehitaji kuifungua yote.

Joto ni shahidi wa tatu. Waya uliolegea kwenye kitufe cha umeme hupata ukinzani, ukinzani huzaa joto, na joto huulegeza zaidi, mpaka siku unapowaka. Kamera ya joto huuona waya huo unang'aa miongoni mwa wenzake mapema sana. Ndani ya mota, joto ndilo linalohesabu miaka ya maisha. Tangu mwaka 1930, kwa kazi ya Mmarekani V. M. Montsinger, wahandisi wanatumia kanuni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa insulesheni ya waya kwa nusu. Kanuni hii inatuhusu sana. Volti za fezi tatu zikipishana kwa asilimia 3.5 tu, ongezeko la joto la mota huzidi kwa takriban robo. Mota ambayo kwa kawaida hupanda nyuzi 80 juu ya joto la hewa itapanda nyuzi 100. Nyuzi 20 za ziada ni nusu ya nusu: umri wa waya wake umebaki robo. Mwenye mota ataambiwa imeungua kwa sababu ya uzee, ilhali kipimo cha volti cha dakika tano kila wiki kingempa habari mapema.

Muda wa onyo na umbali wa spea

Ubovu wa beringi una hatua, na kila hatua inajulikana. Kwanza hutokea ufa mdogo chini ya uso wa chuma, ambao hutoa sauti nyembamba kupita uwezo wa sikio, na kifaa cha mawimbi ya juu huinasa. Kisha mtetemo hubadilika. Kisha oili au grisi hubeba chembe. Kisha nyumba ya beringi hupata moto. Kisha mtu yeyote anayepita anasikia mlio. Kisha moshi, na shafti inajikata. Kipindi kati ya dalili ya kwanza inayopimika na kifo chenyewe ndicho muda wa onyo. Kanuni ya kazi ni rahisi: pima mara nyingi kiasi kwamba vipimo viwili vinaingia ndani ya muda huo. Kama onyo la beringi ni miezi miwili, kupima mara moja kwa mwaka ni kujidanganya, na kupima kila mwezi kunatosha.

Hapa nina hoja ninayotaka wasimamizi wa Afrika Mashariki waipime kwa uzito wake. Vitabu vingi vya taaluma hii vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo kipuri kikiagizwa leo huwa mlangoni kesho. Kwetu, beringi ya kawaida inapatikana mjini, lakini sili ya pampu maalumu, kadi ya kidhibiti cha lifti au kompresa ya mtambo wa kupozea hewa huagizwa ng'ambo, hupanda meli, husubiri bandarini, na wiki hugeuka miezi. Kwa hiyo kipimo chetu cha onyo la kutosha ni kirefu kuliko chao. Onyo la siku tatu ambalo humwokoa msimamizi wa Hamburg halimwokoi msimamizi wa Mbeya. Anayepaswa kununua kifaa cha kugundua ubovu mapema kabisa ni yule aliye mbali na spea, naye ndiye mara nyingi anayeambiwa kwamba teknolojia hiyo ni ya matajiri.

Liko pia suala la spea bandia. Beringi yenye chapa ya kughushi ikifungwa, kile kipindi cha hatari cha kipuri kipya kinakuwa kikali zaidi. Kwa hiyo, kila baada ya matengenezo, pima mashine siku hiyohiyo, kisha ipime tena baada ya siku chache. Asilimia 68 ya Nowlan na Heap inatukumbusha kwamba siku za kwanza baada ya fundi kufunga kifuniko ni siku za kuwa macho.

Hospitali, na mashine zisizoonekana

Hakuna mahali ambapo jambo hili lina uzito kuliko hospitalini. Mgonjwa anamwona daktari na muuguzi. Haoni chumba cha jenereta wala nyumba ya pampu, na uhai wake umelazwa humo pia.

Jenereta ya hospitali hukaa kimya wiki nyingi ikisubiri umeme ukatike. Mazoea ni kuiwasha mara moja kwa wiki kwa dakika kumi bila mzigo, kuandika "iko sawa", na kuizima. Zoezi hilo lina madhara mawili. Injini ya dizeli inayoendeshwa mara kwa mara chini ya theluthi ya uwezo wake haifikii joto la kuchoma mafuta vizuri, na masizi na mafuta mabichi hujaa kwenye njia ya moshi. Tena, jaribio hilo halipimi kile kitakachotakiwa, maana usiku wa hitilafu jenereta itabebeshwa chumba cha upasuaji na wodi. Ipime ikiwa na mzigo halisi. Betri nayo, ambayo mara nyingi ndiyo inayokataa, ipimwe wakati inawasha injini, maana betri ya volti 12 ikishuka chini ya volti 9.6 katika sekunde zile imechoka, hata kama ikipumzika inasoma 12.5.

Mtambo wa oksijeni unadai uangalifu uleule. Mitambo mingi ya hospitali husukuma hewa ndani ya matangi yenye chembe za zeolaiti zinazonasa nitrojeni na kuacha oksijeni ipite, na kinachotoka kinatakiwa kuwa na oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Adui wa zeolaiti ni unyevu na oili inayotoka kwenye kompresa. Kikaushio cha hewa kikichoka, mtambo hausimami. Unaendelea kunguruma vilevile huku usafi wa oksijeni ukishuka kutoka 95 kwenda 93, kisha 91. Masikio hayatagundua. Namba moja inayoandikwa kila asubuhi katika daftari, na mstari unaochorwa kuziunganisha namba hizo, vitagundua wiki kadhaa kabla wodi haijaathirika.

Mitambo mikubwa ya taifa inahitaji macho hayohayo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Kidatu, iliyoanza kufua umeme mwaka 1975, ina mitambo 4 ya megawati 51. Mitambo ya vituo hivyo ni ya aina ya Francis, aina ileile ya Sayano-Shushenskaya. Aina hiyo ni salama na inafanya kazi duniani kote. Naitaja kwa sababu funzo lililolipiwa na watu 75 ni mali ya kila nchi inayoendesha mitambo hiyo, na yetu imo.

Pa kuanzia

Taasisi isiyo na fedha nyingi inaweza kuanza mwezi huu. Orodhesha mashine zote, kisha jiulize kwa kila moja: ikifa saa nane usiku, nani ataumia na tutapoteza nini? Chache zitakazobeba majibu mazito ndizo za kufuatiliwa kwa vipimo. Zilizobaki ziache kwenye ratiba ya kawaida.

Pima mashine ingali nzima. Bila kipimo cha siku za afya, namba ya siku za ugonjwa haina cha kulinganishwa nacho. Tia alama ya rangi mahali pa kupimia, ili kila zamu ipime palepale, mashine ikiwa na mzigo uleule, na kama inawezekana saa ileile ya siku. Kipimajoto cha kuelekeza, kipimo cha ampea cha kubana waya na kalamu ya kupima mtetemo ni vifaa vya bei ya wastani, na huonyesha sehemu kubwa ya maradhi ya kawaida. Kamera ya joto na uchunguzi wa oili vinaweza kukodiwa mara chache kwa mwaka.

Chora mwenendo. Daftari lenye safu za namba zisizochorwa hufungwa jioni na kusahaulika, lakini mstari unaopanda kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani unamsemesha hata mtu asiye fundi. Wape nafasi walinzi na wahudumu wa usafi waseme wanachosikia, kwa kuwa wao ndio wako karibu na nyumba ya pampu usiku. Neno la mlinzi kwamba "leo inavuma tofauti" liandikwe kwa heshima ileile inayopewa kipimo.

Kisha amua mapema, kwa utulivu, namba ipi ni ya kuonya na ipi ni ya kuzima. Uamuzi huo usiachwe ufanywe wakati wa tukio, mbele ya bosi anayetaka uzalishaji na simu zinazolia.

Hapo ndipo penye mzizi wa yote. Vifaa vinanunulika, mafunzo yanapatikana, na vijana wetu wa vyuo vya ufundi wana uwezo wa kujifunza uchambuzi wa mtetemo. Kinachokosekana katika taasisi nyingi ni mamlaka ya fundi wa zamu kuizima mashine iliyovuka mpaka bila kwanza kuomba ruhusa kwa mtu aliyelala nyumbani, na uhakika kwamba akiizima kwa nia njema hataadhibiwa hata kama baadaye itaonekana ingeweza kuendelea. Taasisi inayomkaripia fundi kwa kuzima itapata mafundi wasiozima, na daftari zake zitajaa "iko sawa" mpaka siku ya maafa.

Ndugu msimamizi, iwe unaendesha hospitali, hoteli, kiwanda, shule ya bweni au mradi wa maji wa kijiji, nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kununua kifaa chochote. Andika karatasi ya kutaja mashine zako muhimu, mpaka wa kila moja, na jina la cheo cha mtu mwenye haki ya kuizima saa yoyote, mchana au usiku. Itie sahihi yako, ibandike katika chumba cha mitambo, kisha siku fundi wako atakapoitumia kwa mara ya kwanza, msimamie.